Brian Percival: kutoka filamu fupi ya dakika 9 hadi Downton Abbey, alipitaje?

Mpenda_Tamthilia ameuliza:

Wakuu, habari za jioni.

Naomba wanaoijua kazi ya uongozaji wa tamthilia za televisheni Uingereza wanisaidie. Nimechukua mfano wa mtu mmoja, Brian Percival wa Liverpool, kwa sababu njia yake inasomeka vizuri. Filamu yake fupi About a Girl ya mwaka 2001, dakika 9 tu, ilichukua BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, upande wa filamu fupi mwaka uliofuata. 2004 BBC wakarusha North & South, epsodi nne, zote kaongoza yeye. 2010 ndiye aliyefungua Downton Abbey, tamthilia ya mabwana wa kasri na watumishi wao, pale ITV, na 2011 akapata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, ya uongozaji kwa epsodi hiyo ya kwanza. 2013 ikaja sinema kubwa, The Book Thief.

Wasifu wa namna hii upo kila mahali, ila kuna mambo haunielezi. Mtayarishaji wa tamthilia anaona nini ndani ya dakika 9 hadi amkabidhi mtu epsodi nne za saa nzima nzima? Siku kwa siku, mwongozaji wa epsodi anafanya kipi ambacho yule wa filamu fupi hakuwahi kukifanya? Na wanaovuka kutoka huku kwenda kule, wanakwama wapi hasa?

Natanguliza shukrani.

Kamera_Begani:

Mkuu, anza na filamu yenyewe, maana jibu la swali lako la kwanza limo humo humo. Msichana wa miaka 13 anatembea kando ya mfereji na kwenye viwanja vilivyoachwa vya Manchester, anaongea na kamera mfululizo: baba yake, mpira, muziki anaoupenda, mama asiyemwelewa. Skripti ni ya Julie Rutterford, na karibu yote ni maneno ya huyu mtoto mmoja. Mwisho wake sitausema. Lakini ukishautazama, rudi mwanzo, itazame tena filamu nzima ukijua inakokwenda. Utagundua kwamba ulikuwa umeshaambiwa. Yale unayohitaji ili uuelewe mwisho yamesemwa mbele ya macho yako, kwa sauti ya kawaida ya mtoto anayepiga soga, na kamera haikukukonyeza hata mara moja.

Hilo ndilo analoliona mtayarishaji. Picha nzuri anaziona kila siku; vijana wenye kamera nzuri wamejaa. Anachokitafuta ni mtu aliyeamua jambo moja mapema na hakulegea hadi mwisho. Hapa uamuzi ulikuwa: msichana ndiye anayejua, sisi hatujui, na hakuna picha itakayotangulia kutuambia. Ungeingiza sini (onyesho) moja tu ya mama analia jikoni, filamu yote ingekufa. Kujizuia kuipiga sini hiyo ni uongozaji.

Jambo la pili ni mtoto mwenyewe. Filamu nzima imekaa juu ya sura moja changa. Anayeweza kumfikisha mtoto hapo bila kumfanya "aigize" ataweza kukaa na waigizaji wazoefu, na pia na yule wa kuja siku moja kusema sentensi mbili.

Kwa anayetaka kujaribu filamu ya aina hiyo leo kule England, ajue hesabu ya mtoto. Mwigizaji wa miaka 9 kwenda juu aliye bado umri wa shule haruhusiwi kuigiza zaidi ya saa 5 kwa siku, na kukaa eneo la kazi hazizidi saa 9 na nusu. Wa miaka 5 hadi 8 ni saa 3 za kuigiza na 8 za kuwepo. Mazoezi yanahesabiwa humo humo. Leseni inaombwa kwa halmashauri anakoishi mtoto, na ombi likifika chini ya siku 21 kabla ya kazi wana haki ya kulikataa. Kama mtoto hayuko na mzazi au mwalimu wake, lazima awepo msimamizi aliyeidhinishwa na halmashauri, na siku za shule kuna saa za masomo. Watu wanapanga ratiba ya saa 10 kama ya watu wazima, halafu saa nane mchana mtoto kamaliza saa zake na bado sini sita. Mtoto akiwa ndani ya kila picha, idadi yako ya siku inakaribia kuwa mara mbili ya uliyodhani. Ukitaka kupunguza, andika skripti yenye picha ambazo hayumo: mikono, njia, maji, mgongo wa mtu mwingine. Hizo zipige akiwa darasani.

Ratiba_Kwanza:

Kamera_Begani kaeleza mlango, mimi nieleze nyumba yenyewe ilivyo ndani.

Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya picha. Saa moja ya ITV, ukitoa matangazo, ni dakika 46 hadi 48 hivi. Ya BBC One inakaribia dakika 58. Tamthilia yenye bajeti nzuri na mavazi ya zamani inakwenda kurasa 4 hadi 5 kwa siku. Kwa hiyo epsodi ya ITV inakula siku 10 hadi 12 za kushuti. Siku ni saa 10 za kazi na saa moja ya chakula, na mtu akiondoka lazima apate mapumziko ya saa 11 kabla hajarudi. Ukichelewa leo usiku, kesho asubuhi unaanza umeshapoteza saa.

Sasa, mwongozaji hapewi epsodi moja moja. Anapewa bloku, mara nyingi epsodi mbili au tatu zinazopigwa kwa pamoja. Msimu wa kwanza wa Downton Abbey ulikuwa na epsodi saba na waongozaji watatu: Percival, Ben Bolt na Brian Kelly. Ndani ya bloku hupigi kwa mfuatano wa hadithi, unafuata lokesheni. Ukiwa sebuleni unamaliza kila kitu cha sebuleni, cha epsodi hii na ile. Mwigizaji asubuhi anaomboleza msiba wa epsodi ya pili, alasiri anacheka na marehemu huyo huyo kwenye ya kwanza. Filamu fupi ya siku tatu haikufundishi hili. Unapaswa kuwa na ukurasa wako mwenyewe, wahusika kwa mstari na sini kwa safu, ukiandika kwa kila sini: anajua nini, anaficha nini, ametoka wapi sasa hivi. Msimamizi wa mwendelezo atakukumbusha kitufe cha koti kilikuwa wazi. Hatakukumbusha kwamba huyu mama bado hajapata ile barua.

Downton ni somo zuri kwa jambo hili. Vyumba vya juu, vya mabwana, ni kasri halisi la Highclere, Hampshire. Jikoni na korido za watumishi zilijengwa studio, Ealing, magharibi ya London. Mtumishi anabeba sinia jikoni, anapanda ngazi, anasukuma mlango na kutokea chumba cha kulia. Kwenye televisheni ni sekunde chache. Kwenye kazi, nusu ya kwanza imepigwa Ealing na ya pili Highclere, na katikati huweza kupita wiki kadhaa. Chakula kwenye sinia lazima kiwe kile kile, kimepangwa vile vile, mvuke ule ule, kasi ya mwendo ile ile, pumzi ya mtu aliyetoka kupanda ngazi, na mlango ufunguke upande ule ule. Ukikosea upande anakotazama, mtumishi ataonekana amegeuka njiani kurudi jikoni. Hapo hakuna mhariri wa kukuokoa, kwa sababu seti na kasri haviko pamoja ili urudie.

Mwongozaji wa bloku ya kwanza ana kazi nzito kuliko wenzake. Ndiye anayekaa na watayarishaji kuchagua waigizaji wakuu, na pamoja na mpiga picha mkuu na mbunifu wa mandhari wanaamua rangi, lenzi, kamera itembee au itulie. Wanaofuata wanarithi. Ukiitwa bloku ya tatu ukafika na lenzi zako na mtindo wako mpya, utazuiwa kwa heshima siku ya kwanza na kwa ukali siku ya pili. Kazi yako pale ni sini: nani anaitawala na inageukia wapi.

Mpenda_Tamthilia:

Asante sana wakuu. Ratiba_Kwanza, kabla ya kushuti kuna muda gani wa kujiandaa, na unatumikaje? Halafu jambo dogo: hiyo Emmy ya Percival naona imeandikwa upande wa tamthilia fupi na filamu za televisheni. Downton si ilikwenda misimu sita?

Ratiba_Kwanza:

La Emmy ni rahisi: msimu wa kwanza uliingizwa Marekani kama tamthilia fupi, kwa hiyo 2011 ikashindania upande huo. Kuanzia mwaka uliofuata ikahamia kwenye tamthilia za kawaida.

Maandalizi, kwa bloku ya epsodi mbili, hesabu wiki nne hadi sita, na zikipungua utazililia. Mwanzoni ni skripti na mwandishi, kuchagua waigizaji waliobaki, kuzunguka lokesheni. Katikati ni usomaji wa pamoja mezani. Sikiliza pale panapopwaya, usiangalie karatasi. Karibu na mwisho ni ziara ya kiufundi, wakuu wote wa idara ndani ya basi moja, lokesheni kwa lokesheni. Hapo kila mtu anauliza swali lake: umeme unatoka wapi, magari yanaegeshwa wapi, dirisha linatazama upande gani wa jua, jirani ana mbwa. Mwongozaji asiye na majibu siku hiyo anajikuta anaongozwa na ratiba hadi mwisho wa kazi.

Chukua North & South. Kwenye epsodi ya kwanza Margaret, mhusika mkuu, anafungua mlango wa kiwanda na kukuta ukumbi wa vitambaa, nyuzi za pamba zinaelea hewani kila mahali. Sehemu ya picha za kiwandani ilipigwa Queen Street Mill, Burnley, ambako mashine za kufumia ni za kweli, safu kwa safu. Mashine kama hizo zikiwashwa hakuna maikrofoni itakayookoa neno. Kwa hiyo unaamua kwenye ziara, si siku ya kazi: picha zipi ni za mashine zinazokwenda bila maneno, na maneno yapi yatapigwa zikiwa zimezimwa, waigizaji wakipaza sauti kana kwamba zinanguruma. Waigizaji wakisahau kupaza sauti, hata ukiongeza kelele baadaye watazamaji watahisi uongo. Pamba ya hewani nayo ina shida yake: inatua kwenye nywele na mabega. Ukipiga picha ya karibu baada ya ile pana, lazima mabega yawe meupe kiasi kile kile.

DadaMhariri:

Naongeza upande wa chumba cha uhariri, maana wengi wanaotoka filamu fupi wanaumia huku.

Kwenye filamu fupi neno la mwisho ni lako. Kwenye tamthilia sivyo. Mhariri anaunganisha picha kila siku wakati nyinyi bado mnashuti. Mkimaliza unapewa siku zako za kukaa naye na kutoa toleo la mwongozaji. Likitoka hapo linakwenda kwa mtayarishaji, watayarishaji watendaji, kisha chaneli, na kila ngazi inarudisha maoni. Downton, mwandishi Julian Fellowes mwenyewe alikuwa pia mtayarishaji mtendaji. Kwa hiyo mstari ulioukata una mwenyewe mezani. Mara nyingi wakati uhariri wa picha unafungwa mwongozaji ameshaanza kazi nyingine. Basi linda unachokipenda kwenye kushuti: sini ambayo lazima iende bila kukatwa, ipange iende hivyo, lakini mpe mhariri angalau picha moja ya kutokea. Waongozaji wanaokataa kutoa picha ya pili wanadhani wanalinda kazi yao. Sini ikipitiliza sekunde 40 na hakuna pa kukata, inatolewa nzima.

Kingine, mapumziko ya matangazo. North & South ilikuwa BBC, hakuna matangazo katikati. Downton ni ITV, na saa moja kwa kawaida ina mapumziko matatu. Picha ya mwisho kabla ya tangazo inahitaji uso au kitendo cha kumrudisha mtu kwenye kiti, na ya kwanza baada yake inahitaji kumkumbusha tuko wapi bila kueleza. Hizo picha usiziache zijitokeze zenyewe. Zitie alama kwenye skripti.

Na ufundi wa kukabidhi kazi: fremu 25 kwa sekunde. Ukubwa wa sauti kwa wastani uwe LUFS -23 (LUFS ni kizio cha ukubwa wa sauti), kiwango cha Ulaya. Filamu fupi zilizochanganywa kwa ajili ya intaneti huwa na sauti kubwa kuliko hapo, na ukiishusha yote kwa pamoja maneno ya chini yanapotea. Inabidi kuchanganya upya. Kuna pia kipimo cha mwanga unaomulika kwa ajili ya wenye kifafa: mimuliko zaidi ya mitatu kwa sekunde kwenye eneo kubwa la skrini inakataliwa. Sini ya disko, kamera za waandishi wa habari, taa za gari la polisi usiku, hizo ndizo zinazorudishwa.

Mzee_wa_Skripti:

Vijana mmeeleza vizuri, ila nina shaka na kitu kimoja. Msomaji asije akadhani BAFTA ya filamu fupi ni tiketi. Njia ya Percival ni mojawapo tu, na si ya kawaida.

Mtazame David Yates. Filamu yake fupi When I Was a Girl ilimsaidia kuingia chuo cha filamu cha taifa kule Beaconsfield. Kisha akafanya epsodi za The Bill, tamthilia ya polisi ya kila wiki. 2001 The Way We Live Now, 2003 State of Play, epsodi sita za BBC, 2004 Sex Traffic ya Channel 4. Baada ya hapo ndipo akapewa Harry Potter, akaongoza filamu nne za mwisho. Angalia katikati: 2002, akiwa tayari ana jina kwenye televisheni, alirudi kutengeneza filamu fupi, Rank, na ikateuliwa BAFTA. Filamu fupi kwake haikuwa ngazi ya kupanda na kuiacha. Nadhani hilo ndilo linalosahaulika zaidi kwenye mjadala huu.

Tom Hooper naye alianza na filamu fupi, halafu EastEnders, Cold Feet, Prime Suspect ya 2003, Elizabeth I, John Adams, ndipo The King's Speech na Oscar ya 2011. Andrea Arnold kinyume chake: Wasp, dakika 26, ikachukua Oscar ya filamu fupi 2005, akaenda moja kwa moja sinema na Red Road, televisheni ikaja baadaye.

Kinachowasumbua wanaoanza leo ni kwamba darasa la kati limepungua. Tamthilia zinazokwenda mwaka mzima ndiko mtu alikojifunza kupiga kurasa nyingi kwa siku bila kuharibu. Holby City ilifungwa 2022, na Doctors, iliyokuwa ikitengenezwa Birmingham na kuwapa wengi epsodi zao za kwanza, ikafungwa 2024. Zimebaki EastEnders, Casualty, Coronation Street, Emmerdale na Hollyoaks, na foleni ni ndefu. Kwa hiyo mtayarishaji akiwa na mtu mwenye filamu fupi nzuri lakini hana hata epsodi moja, anaogopa ratiba, haogopi kipaji. Njia ya kumtoa hofu ni kwenda kama kivuli: kumfuata mwongozaji mzoefu kwa bloku nzima, maandalizi hadi uhariri, kisha kuomba epsodi moja ndani ya tamthilia hiyo hiyo. Ukienda kama kivuli, usikae nyuma ya skrini siku zote. Kaa na mwongozaji msaidizi wa kwanza. Yeye ndiye anayejua kwa nini sini namba 14 imehamishiwa Alhamisi.

Mpenda_Tamthilia:

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. La mwisho: kama filamu fupi inatengenezwa kwa lengo la kuonyeshwa watayarishaji wa tamthilia, iwe na urefu gani na itolewe vipi?

Mzee_wa_Skripti:

Marahaba. BAFTA na Oscar zote zinaruhusu hadi dakika 40, majina ya mwisho yakihesabiwa. Usifike huko. Dakika 8 hadi 15 zinapangika kwenye onyesho la tamasha pamoja na nyingine tano. Ya dakika 28 inamla mwenye ratiba nafasi mbili, na lazima iwe nzuri mara mbili. Weka ndani angalau sini moja ya watu wawili wanaozungumza wakiwa wamekaa. Tamthilia ni hiyo kwa sehemu kubwa, na filamu fupi nyingi zinaikwepa kwa picha za mtu anatembea peke yake.

Usiiweke wazi intaneti kabla ya matamasha, baadhi yanaikataa. Itume kwanza kwa yale yaliyo kwenye orodha ya BAFTA na Oscar, mfano Clermont-Ferrand ya Ufaransa mwanzoni mwa mwaka, Aesthetica ya York mwezi Novemba. Watayarishaji wape kiungo chenye nywila na usikibadilishe, wanafungua miezi mitatu baadaye.

DadaMhariri:

Na muziki, jamani. Kibali cha matamasha peke yake hakitoshi siku chaneli ikiitaka filamu. Omba bei ya haki zote mapema, hata kama utalipia za tamasha tu kwa sasa, na iandikwe kwenye mkataba. Wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi. Mhusika akiimba mstari mmoja tu mbele ya kamera, bila rekodi yoyote, utunzi bado unalipiwa. Kama bei haijulikani siku ya kushuti, piga sini hiyo mara mbili, moja anaimba na nyingine ananyamaza.